Ukurasa wa Sitini na Moja

Ashtabula, Ohio, katikati ya Oktoba.
Banda la gari la marehemu Ottilie Brandvold li wazi
na kila kitu kimebandikwa bei:
paka wa kadibodi, mkia umegundishwa mara mbili,
mchawi wa plastiki aliyewahi kuwa na taa tumboni,
barakoa ya popo iliyokatika mpira,
na ndani yake, palipopita pumzi ya mtoto fulani
usiku mmoja wa Halowini,
pamebaki ukungu mweupe, kama chumvi.

Anayeuza ni mpwa wake, Wendell,
kavaa glavu, anakunywa kahawa kwenye kifuniko cha chupa.
"Vitabu dola moja. Vya kutisha vimo kwenye lile boksi la ndizi.
Shangazi alikuwa mkutubi. Hakujua kutupa."

Najua alikuwa mkutubi.
Navikumbuka viatu vyake visivyo na sauti.

Miaka arobaini na tisa nimekisaka kitabu
nisichokijua jina.
Nimewauliza wauza vitabu vikuukuu hadi Cleveland, hadi Erie:
jalada la kijani, hadithi za mizimu, za watoto,
kuna mwanamke asiye na midomo
anashona koti kwa nondo walio hai.
Walinitazama kama mgonjwa anayesimulia ndoto ya homa.
Mmoja aliniuzia kitabu cha ushonaji.

Na sasa hiki hapa, chini ya vibonzo vilivyoguguniwa na panya,
kijani kama maji ya bwawa.
Waliokichapa walifilisika kabla sijavunja ungo.
Kinanuka chaki, nyumba iliyofungwa, na siki kidogo.

Nakisoma nimesimama, kama zamani,
mgongo dirishani, sikio mlangoni,
maana mama alishaapa: kitabu cha shetani
hakivuki kizingiti changu.
Ndiyo maana kwenye kadi ya waazimaji simo.
Yumo Duane, yumo Marlys, Duane tena,
na Corwin, mtoto wa mchungaji, mara nne.

Hadithi zenyewe, nikiri, ni chapwa.
Mzimu unabisha hodi, mlango unafunguka, basi.
Kwa hizi nililala taa ikiwaka
mpaka theluji ya Machi?

Hamsini na tisa. Sitini.
Sitini na tatu.

Palipochanwa pana meno.
Nayafahamu meno hayo.
Nilipalowesha kwa mate kwanza
ili karatasi isilie,
kisha nikakohoa, nikavuta.

Wale wauza vitabu sikuwaambia
kwamba ukurasa ninao.
Ningeanzia wapi? Umo ndani ya mkebe wa biskuti,
na vyeti vya chanjo, na jino la kwanza la binti yangu.
Nimehama nao nyumba sita.
Hata mume wangu hakuuona.

Lakini pembeni, penye mshono wa kitabu,
kuna mwandiko wa penseli, umesimama wima
kama mwenyewe alivyosimama:

*Uk. 61–62: umeazimwa.*

Na tarehe ya siku ile.
Jina hakuandika.
Siku ya kurudisha kaiacha tupu.

"Kimekamilika?" anauliza Wendell.
"Karibu."

Nampa noti ya dola tano. Anapapasa mifuko, hana chenji,
nami nishafika kwenye gari.
Dawa ya deni ni kulipa, sawa,
ila mdai kazikwa Jumanne
na mimi sikwenda.

Jikoni naufungua mkebe.
Ukingo unakutana na ukingo, jino kwa pengo,
isipokuwa kipande kimoja, sawa na ukucha,
ambacho huenda nilikimeza.
Mwanamke anaendelea kushona.
Ni mdogo kuliko nilivyomkumbuka,
na nondo, nikiwahesabu, ni kumi na mmoja tu.

Gundi ipo. Siitumii.
Nauweka tu mahali pake, taratibu,
kama unavyokiacha kitu ulichorudisha
juu ya meza ya mtu
aliyetoka kidogo.